Mzazi Asiyestuka

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mfululizo wetu wa Waraka wa Yakobo utasubiri. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumapili baada ya ibada ya pili, pale wazazi wa shule ya Jumapili walipobaki nyuma kuzungumza na sisi walimu, na nikijaribu kuandika lingine kalamu inakataa.

Mnajua kwamba likizo hii ya Agosti vijana walikaa na watoto wakubwa Jumamosi moja pale ukumbini, wakawawekea sinema kwa projekta, na sambusa na juisi juu yake. Sinema ilikuwa ya vita: askari anarudi kwao kuwaokoa ndugu zake. Karibu na mwisho askari huyo anambusu mchumba wake. Busu lenyewe ukipepesa jicho limekupita. Basi wazazi walikuja juu! Mama mmoja ninayemheshimu sana alisimama akasema, "Mwalimu, kweli tunawaleta watoto kanisani waje waone mambo kama haya?" Mzee mmoja akataka kijana aliyeleta flashi aitwe mbele ya kamati. Tulikaa hapo mpaka watoto wakaanza kulia njaa, na muda wote huo nilikuwa nangoja mtu mmoja, mmoja tu, ataje wale waliouawa. Maana kabla ya busu hilo watu walikuwa wamepigwa risasi, wamechomwa visu, na mmoja alikatwa shingo kamera ikimtazama usoni. Mwishowe nikauliza mwenyewe: "Na yale mauaji je?" Kimya kidogo. Kisha baba mmoja akacheka kwa upole, akaniambia, "Mwalimu, hayo ni ya muvi tu. Watoto wanajua ni uongo."

Kwani busu ndilo lilikuwa la kweli?

Sikumjibu hivyo, heshima ni kitu cha bure. Lakini nimelala nalo, nimeamka nalo, nimepanda nalo matatu juma zima.

Nisieleweke vibaya. Yule mama ana haki ya kustuka. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, sote tumelishika neno hilo, na mtoto wa miaka kumi na mmoja hapaswi kufundishwa mapenzi na ukuta wa ukumbi. Simwombi apunguze mstuko wake hata kidogo. Ninachotamani ni ile nusu nyingine irudi, na irudi kwetu sisi watu wazima kwanza.

Maana nikituchunguza vizuri, hata huko kustuka kwetu kwa busu nina mashaka nako. Mnalijua lile tukio sebuleni. Familia imekaa, tamthilia inaendelea, mara wawili wanasogeleana. Baba anakohoa. Mama anamtuma mtoto jikoni akalete maji ambayo hakuna aliyeyataka. Mwingine anakumbuka ghafla kuuliza kama geti limefungwa. Kama mama mkwe yuko kwenye kochi, rimoti inatafutwa kwa kasi ya ajabu. Halafu watoto wakishalala, tunarudi palepale tulipoachia. Wapendwa, hiyo ni aibu mbele ya watoto na wakwe. Kumcha Mungu hakungojei watoto walale. Na ndiyo maana damu haitusumbui: damu haimwaibishi mtu mbele ya mkwewe. Baba anaweza kukaa na binti yake saa mbili wakitazama watu wakiuawa, na hakuna anayekohoa.

Binti mmoja wa ushirika wetu anayesomea saikolojia alinisomea utafiti fulani Jumanne, na tangu hapo namba zake hazijanitoka kichwani. Ulichapishwa Marekani mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics, na walioongoza kazi hiyo ni watu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Walichukua wazazi 1,000 wenye watoto wa miaka 6 hadi 17, wakawaonyesha vipande sita vifupi vya filamu, kimoja baada ya kingine, vya ukatili na vya mambo ya chumbani. Kila baada ya kipande wakawauliza: filamu hii inamfaa mtoto wa umri gani? Kipande cha kwanza, wazazi walisema kwa ukatili angalau miaka 16.9, na kwa mambo ya chumbani 17.2. Kufikia kipande cha sita ukatili ulikuwa umeshuka hadi 13.9, na yale mengine 14. Wazazi walewale, kikao kilekile. Hawakuhubiriwa na mtu kwamba dunia imebadilika. Walitazama tu, wakapoteza miaka mitatu ya watoto wao kabla hata hawajainuka kwenye viti.

(Na huko kwao wanaokaa kuamua filamu ipewe alama ya umri gani ni wazazi, ambao kazi yao ni kutazama filamu. Watafiti wenyewe waliliona hilo.)

Mimi napenda tamthilia, sitajidai mtakatifu kuliko ninyi. Kati ya habari za saa moja na habari za saa tatu mnajua nilipo. Na juma hili nimeshindana na swali moja: ni lini mara ya mwisho kitu kilichokuwa kwenye kioo kilinistua? Si kuniudhi. Kunistua, moyo ukaruka, mkono ukatafuta rimoti bila kujali nani ananiona. Nimetafuta sana. Mtume Paulo anapowaelezea Waefeso watu waliotengwa na uzima wa Mungu, anasema walikuwa wamekufa ganzi, na yale mengine yote ya ufisadi yakafuata baada ya ganzi hiyo. Ganzi ni kama jiko la makaa lililoachwa ndani usiku na madirisha yamefungwa. Ile hewa haina harufu. Anayelala nayo haamki kukuambia kwamba kuna shida.

Hapa naomba mfungue Biblia pamoja nami, kwa sababu Mungu ametuwekea nyumba moja ambamo mambo haya yote mawili, ya kitandani na ya upanga, yalipita mlango mmoja. Ni nyumba ya Daudi.

Zaburi ya 101 ni yake. "Nitakwenda kwa unyofu wa moyo ndani ya nyumba yangu. Sitaweka mbele ya macho yangu neno la uovu." Angalieni jinsi nadhiri hiyo ilivyo. Hasemi macho ya watoto. Hasemi macho ya watumishi. Anasema macho yangu, nyumbani mwangu. Mfalme mwenye jumba lililojaa watoto anaanza na macho yake mwenyewe.

Na ndiye huyohuyo wa 2 Samweli 11. Jioni, ameondoka kitandani, anatembea juu ya dari ya jumba lake, jicho linaangukia mwanamke anayeoga. Halikuondoka. Kutoka kwenye jicho wakafika kitandani, na kutoka kitandani wakafika kwa Uria, mume wa mwanamke huyo, aliyewekwa mbele penye vita vikali na kuachwa afe. Nani kati yetu angeweza kuitenganisha hadithi hiyo katikati, aseme sehemu ya kwanza ni mbaya kwa watoto lakini sehemu ya pili ni ya muvi tu? Nabii Nathani alipokuja kumkemea hakumletea Daudi kesi mbili. Alileta moja.

Halafu sura ya 13. Nimeisoma mara nyingi, lakini juma hili ndipo nilipomwona baba ndani yake. Amnoni, mwana wa Daudi, anajilaza, anajifanya mgonjwa, kwa shauri la rafiki yake Yonadabu. Baba anakuja kumjulia hali. Na Amnoni anaomba nini? Anaomba dada yake Tamari aje amwandalie mikate mbele ya macho yake. Daudi alisikia ombi hilo kwa masikio yake. Yeye, katika watu wote wa Israeli! Mtu aliyejua kwa gharama ya uhai wa mtu mwingine macho yanaweza kumfikisha mwanamume wapi. Kijana mwenye afya, mwenye nyumba yake na watumishi wake, anataka kumtazama dada yake akipika. Kila kengele ilipaswa kulia. Daudi hakustuka. Maandiko yanasema ni yeye mwenyewe aliyetuma ujumbe kwa Tamari: nenda nyumbani kwa ndugu yako. Akaenda, na Amnoni akambaka.

Mkifika mstari wa 21 mnaambiwa kwamba Daudi alipopata habari alikasirika sana. Basi. Alikasirika. Hatusomi kwamba alimwita Amnoni, wala hatusomi kwamba alikwenda alikokuwa Tamari, aliyejipaka majivu kichwani akararua kanzu yake na kwenda akilia kwa sauti. Miaka miwili inapita, na Absalomu, ndugu yake Tamari, anakuja kwa baba kumwomba Amnoni aende naye kwenye sherehe ya kukata kondoo manyoya. Daudi anauliza, kwa nini aende nawe? Mnaona? Kuna kitu kidogo kilimgusa, mabaki ya ule mstuko. Lakini Absalomu akambembeleza, na baba akaruhusu. Amnoni hakurudi; Absalomu aliamuru auawe hukohuko.

Mtoto mmoja akachukua kitanda cha baba yake, mwingine akachukua upanga wake. Na mara zote mbili ombi lilipita kwa baba kwanza, akasema sawa.

Mzazi mwenzangu, hili ndilo nililotumwa kwako juma hili. Unapobembelezwa, "Mama, ni dakika kumi tu," "Baba, wenzangu wote wameiona," na ndani yako kitu kidogo kikauliza kwa nini, usikizime kile kitu. Huyo ni Roho wa Bwana anayekushika mkono. Pengine amebakiza sauti ndogo tu ndani yako kwa sababu umemnyamazisha mara nyingi, lakini yupo. Akikustua, stuka! Inuka kwenye kiti. Zima, hata kama filamu imebakiza robo saa na hujui muuaji ni nani. Waache watoto wakuone umestuka, waulize, "Baba, kuna nini?" Uwaambie wazi: yule aliyeuawa ni mtu, ana mama yake, na mimi sifurahii kuona mtu akifa. Kuna mtoto katika darasa langu aliyeona mwendeshaji wa boda boda amegongwa kando ya Outer Ring Road, akaniambia Jumapili, bila ubaya wowote, kwamba damu ilikuwa kidogo. Kidogo kuliko ya wapi, mpendwa? Alikuwa analinganisha na kitu.

Kuna atakayeniambia, "Mwalimu, Biblia yenyewe imejaa hayo, si umetusomea ubakaji sasa hivi?" Ni kweli, na sitaificha. Lakini tazama Biblia inamweka wapi msomaji. Haikukalishi kando ya Amnoni ufurahie. Inakupa maneno ya Tamari, anasihi, anauliza aibu yake ataipeleka wapi. Inakupa majivu yake na kilio chake njiani. Sinema nyingi zina haraka ya kufika kwa mwingine wa kuuawa, na aliyekufa hana jina wala anayemlilia. Hilo ndilo swali ningependa mzazi ajiulize akiwa na rimoti mkononi: katika hadithi hii kuna mtu anayelia? Ukipima hivyo utashangaa. Kuna filamu nzito za vita utakazoketi nazo na kijana wako wa miaka kumi na saba mkazungumza mpaka usiku, na kuna katuni utakazozima.

Sasa niseme na wale wanaoishi kama wengi wetu tulivyoanza. Mahubiri mengi ya mambo haya huandikwa na watu wenye sebule na vyumba vitatu. Wanakwambia, mpeleke mtoto chumbani kwake. Chumba kipi? Katika mitaa ya Nairobi kama Pipeline, Kayole, Mathare na Kawangware, chumba ni kimoja. Kitanda huku, kochi huku, runinga juu ya kabati, na katikati pazia. Jumatano iliyopita kwenye maombi ndugu mmoja alitupa ushuhuda. Anasema walipokuwa Kayole walikuwa na runinga ya Great Wall ya inchi 14, na kila Ijumaa alipitia duka la muvi kuwekewa za wikendi, za kutafsiriwa kwa Kiswahili na vichekesho ndani yake. Alingoja mtoto alale nyuma ya pazia, akapunguza sauti, akatazama. Binti huyo sasa yuko sekondari. Mwezi uliopita wakiwa mezani alimsimulia baba yake filamu moja mwanzo hadi mwisho, pamoja na mahali ambapo mama alikuwa akisema, "Hii peleka mbele." Alikuwa hajaanza shule alipoiona, kupitia mwanya wa pazia. Ndugu yetu alilia pale mbele yetu, na wanaume kadhaa nikawaona wanatazama sakafu.

Nimemsikia mtu akisema watu wa chumba kimoja hawana la kufanya. Mimi naona neema imewafikia kwanza. Katika chumba kimoja nadhiri ya Daudi haina mahali pa kujificha: kisichofaa macho ya mtoto hakiingii nyumbani, kwa mtoto wala kwa baba. Wenye vyumba vitatu ndio wenye kazi ngumu, kwa sababu wao wanaweza kujidanganya kwa mlango.

Kuhusu serikali sina mengi. Bodi ya filamu ya Kenya inaweka alama zake za umri, 16, 18 na kadhalika, na vituo vya runinga vinatakiwa visionyeshe mambo ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Ni vizuri. Lakini simu haijui saa nne ni nini, wala matatu yenye kioo kikubwa nyuma ya dereva, ambayo mtoto wako amepanda na sare ya shule. Agosti 2023 ombi lilipopelekwa Bunge la kutaka TikTok ipigwe marufuku, nakumbuka tulivyosema amina kwa sauti. Nilisema pia. Lakini kusema amina ili Bunge lifunge mtandao kwenye simu, halafu kumpa mtoto wa miaka mitatu simu hiyohiyo ibadani ili atulie mchungaji akihubiri, hapana, wapendwa, hapo naomba niwakemee kwa upendo. Nakaa nyuma na watoto, naona vioo vyenu. Neno la Mungu linasomwa madhabahuni, na safu ya nne mtoto anatelezesha kidole, video moja baada ya nyingine, hakuna mtu mzima anayejua kidole hicho kimefika wapi. Na likitokea neno, lawama inakwenda kwa dada wa kazi. Dada wa kazi amewahi kukaa nawe kanisani?

Kemeo lingine, nalo ni chungu zaidi kwa sababu linatuhusu katika vikundi vyetu vya WhatsApp. Juni 2024, siku ile ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, tarehe 25, na zilizofuata, picha za vijana waliouawa mjini zilizunguka kwenye simu zetu bila kufunikwa, mpaka kwenye vikundi vya kanisa, na chini yake mtu ameandika, "Tuombe." Simu hizo ndizo watoto wetu wanachezea michezo jioni. Wale walikuwa watoto wa watu. Kuna mama aliyemtambua wake kwenye picha kama hiyo? Sijui, lakini kila nikifikiria hilo nashindwa kumaliza sala. Ukitaka tuombe, andika jina la familia, tutaomba. Usitume mwili wa mtu. Na aliyetuma huku machozi hayamtoki, akapeleka na kingine cha kuchekesha dakika moja baadaye, huyo ndiye ninayemwandikia.

Kwa hiyo juma hili nawaomba mfanye jambo moja pamoja nami. Tunafunga. Wengi mmezoea kufunga chakula, sasa tufunge macho: kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, sisi wazazi, sisi wenyewe, tusitazame filamu wala tamthilia. Watoto msiwalazimishe, ni funga yetu. Akiuliza kwa nini runinga imezimwa, mjibu ukweli. Jumapili mkiwasha tena, kaeni na moyo wenu mkauone unafanya nini katika dakika za kwanza, kabla haujazoea. Mtakachoona kiandikeni, mje nacho.

Wazazi wa shule ya Jumapili tutaendelea na kikao chetu Jumapili hiyo baada ya ibada ya pili, na tafadhali tusile muda wa chakula cha watoto. Kijana aliyeleta flashi atakuwepo, nimemwomba mwenyewe, na haitwi kuhukumiwa. Kabla ya kuja, kila mzazi asome 2 Samweli 13 yote, baba na mama pamoja, kwa sauti. Someni watoto wakiwa wamelala. Na kama ni nyumba ya pazia, someni mkiwa nje.